Je, Kutoangalia ni Kosa?

Kuna msemo tuusikiao kila mara msiba unapotokea barabarani, majini au angani: ajali haina kinga. Jirani huusema ili kumfariji mfiwa, na mwenye chombo huusema ili kujifariji mwenyewe. Kwa mfiwa ni neno la huruma, nasi hatuna nia ya kumnyang'anya. Lakini kwa yule aliyeshika usukani, neno hilo hilo laweza kuwa kichaka cha kujifichia. Kwa hiyo leo twataka kuuliza swali linaloonekana dogo, kumbe lamgusa kila mtu aliyekabidhiwa maisha ya wengine: Je, mtu aliyeleta madhara kwa sababu tu hakuangalia, ana kosa? Na kama analo, kosa lenyewe li wapi, maana hakutaka wala hakujua?

Ili maneno yetu yasielee hewani, tumechagua mfano mmoja ulio wazi. Twataka kuitazama ndege. Wala si ndege iliyo mawinguni au katika dhoruba, bali ndege iliyo chini, itembeayo kwa magurudumu yake kutoka mahali ilipopakia abiria hadi kwenye barabara ya kurukia.

Abiria wengi hudhani kwamba wakati huo si kitu. Ndege yajongea polepole kama basi litokalo kituoni. Mmoja afunga mkanda, mwingine atuma salamu za mwisho kabla hajaizima simu yake, mtoto achungulia dirishani. Hatari, wadhani, itaanza magurudumu yatakapoiacha ardhi. Kumbe kwa marubani walio katika chumba cha mbele huo ni wakati wenye mambo mengi. Mmoja aiongoza ndege juu ya mstari wa manjano uliochorwa katikati ya njia. Mwenzake asoma orodha ya ukaguzi, asikiliza maagizo ya mwongozaji aliye mnarani, na kuyarudia kwa sauti ili kusiwe na shaka. Wote wawili hawana budi kusoma vibao vilivyo kandokando: kibao cheusi chenye maandishi ya manjano chawaambia wapo njia gani, kibao chekundu chenye maandishi meupe chawaonya kwamba mbele yao ni barabara ya kurukia, wasiingie pasipo ruhusa. Tena, kabla ya kuruka, mabapa yaliyo mbawani sharti yawe yametokezwa kwa kipimo chake, maana pasipo hayo mbawa hazipati nguvu ya kutosha ya kuinyanyua ndege. Jambo likisahauliwa hapa chini, deni lake hudaiwa kule juu.

Nasi wa Afrika ya Mashariki deni hilo tumepata kuliona likidaiwa. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya shirika la Lufthansa, aina ya Boeing 747, iliondoka Nairobi kwenda Johannesburg, ikaanguka mara tu baada ya kuinuka. Watu 59 walifariki kati ya 157 waliokuwamo. Ilionekana kwamba mabapa ya upande wa mbele wa mbawa hayakuwa yametoka, kwa sababu hewa ya kuyasukuma ilikuwa imefungwa, wala hakuna aliyetambua kabla ndege haijaanza kukimbia.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe tunachotaka kukipima. Alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, ndege ya shirika la Comair ilijitayarisha kwenda Atlanta. Ndani yake walikuwamo watu 50: abiria 47, marubani wawili na mhudumu mmoja. Giza lilikuwa halijaondoka. Marubani waliambiwa watumie barabara namba 22. Yafaa msomaji ajue kwamba namba hizo hazitolewi ovyo, zafuata dira. Barabara namba 22 huelekea nyuzi 220 hivi za dira, na namba 26 huelekea nyuzi 260 hivi. Katika kiwanja kile, barabara namba 22 ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2,100. Namba 26 haikufika mita 1,100, ilikuwa nyembamba, ilitumiwa na ndege ndogo, na taa zake hazikuwa zikiwaka. Ili kuifikia ile ndefu, ilibidi kuivuka ile fupi.

Walipokuwa wakienda, marubani waliongea mambo yasiyoihusu safari. Maongezi hayo hayakufika hata dakika moja. Hayakuwa matusi, hayakuwa masengenyo ya kutia aibu. Yalikuwa maneno ya kawaida ya watu wawili wa kazi moja, kama yale asemayo fundi kwa mwenzake asubuhi kabla ya kushika nyundo. Ndege ikafika kwenye barabara namba 26, ikageuka, ikaingia. Wao waliamini kwamba wamefika namba 22. Dira iliyo mbele ya macho yao ilionyesha uelekeo mwingine, lakini hakuna aliyeilinganisha na barabara. Ndege ilipokwisha kuanza kukimbia, mmoja alisema kwamba ni ajabu hakuna taa, na mwenzake akaitikia. Hawakusimama. Barabara iliisha kabla ndege haijapata mwendo wa kuruka. Ikapita ukingo, ikagonga miti, ikawaka moto. Watu 49 walifariki. Rubani msaidizi peke yake ndiye aliyetolewa akiwa hai, naye akiwa na majeraha makubwa.

Kwa ajili ya haki, yatupasa kusema mengine pia. Mwongozaji alikuwa peke yake mnarani, naye alikuwa amegeukia kazi nyingine ndege ilipoingia barabara isiyo yake. Matengenezo ya kiwanja yalikuwa yamebadilisha njia za kupitia, na ramani waliyokuwa nayo marubani haikulingana na hali ilivyokuwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, iliyotoa hukumu ya uchunguzi wake mwaka 2007, ilisema kwamba marubani hawakuzitumia dalili zilizokuwapo za kuwajulisha walipo, wala hawakuhakikisha kwamba barabara ni ile waliyopewa. Na kwamba maongezi yasiyohusu kazi yalichangia. Ilisema pia kwamba ulikosekana utaratibu wa kudai ruhusa ya wazi kwa kila barabara inayovukwa. Mwaka 2010 utaratibu huo uliwekwa.

Wala kisa hiki si cha pekee. Tarehe 16 Agosti 1987, mjini Detroit, marubani wa ndege ya shirika la Northwest walibadilishiwa barabara ya kurukia wakiwa tayari wanatembea. Katika kutafuta njia mpya walipita mahali walipopaswa kugeuka, na katika pilikapilika hizo orodha ya ukaguzi haikusomwa. Ndege ikaruka mabapa yakiwa ndani. Waliofariki walikuwa 156, wawili kati yao wakiwa watu wa barabarani, na ndani ya ndege alipona mtoto mmoja tu wa miaka minne. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 1988, katika kiwanja cha Dallas na Fort Worth, ndege ya shirika la Delta ilikaa katika foleni ndefu ikingoja zamu. Marubani wakazungumza na kufanya mzaha na mhudumu aliyekuwa pamoja nao. Zamu ilipofika waliruka, na mabapa hayakuwa yametokezwa. Watu 14 walifariki. Katika misiba yote miwili, king'ora cha kuwaonya nacho hakikulia.

Tena si kwamba hakukuwa na sheria. Tarehe 11 Septemba 1974, karibu na mji wa Charlotte, ndege ya shirika la Eastern ilianguka ikikaribia kutua, na zaidi ya watu 70 walifariki. Chombo cha kunasia sauti kilifunua kwamba marubani walikuwa wakiongea juu ya siasa na magari yaliyotumika. Baada ya misiba ya namna hiyo, mwaka 1981, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani ilitoa kanuni: ndege ikiwa chini ya urefu wa mita 3,000 hivi, na wakati wote inapotembea kiwanjani, inaporuka na inapotua, marubani wasifanye wala wasiseme lolote lisilo la lazima kwa kazi. Jina la kanuni hiyo kwa lugha yao lakumbusha chumba cha upasuaji kilichotakaswa, kisichoruhusiwa kuingia kitu cha nje. Basi, marubani wa Lexington hawakukosa kuijua kanuni. Ilikuwa na umri wa miaka 25.

Haya sasa, turudi kwenye swali letu. Kuna asemaye: "Mtu hawezi kulaumiwa kwa lile asiloliona. Marubani hawa walikuwa na watoto na wazazi kama sisi. Nao walitaka kufika salama. Kosa sharti liwe na nia. Hapa nia mbaya haipo. Basi hapa pana bahati mbaya tu." Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuipuuza. Ni kweli kwamba hatuwezi kumhesabu mwenye kusahau sawa na mwenye kuua. Atakayewaita marubani wale wauaji atakuwa amesema uongo juu ya wafu.

Lakini hoja hiyo yaangalia dakika isiyo yake. Yaangalia dakika ile ya mwisho, ndege ikiwa tayari juu ya barabara isiyofaa, na kusema: hawakujua. Sisi twauliza juu ya dakika iliyotangulia: ni nani aliyelifungulia mlango lile giza la kutokujua? Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alikwisha kulieleza jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alionyesha kwamba watunga sheria humwadhibu mlevi aliyekosa katika ulevi wake, ingawa alipokosa hakujua alitendalo, kwa sababu ilikuwa katika uwezo wake asilewe. Vivyo hivyo, alisema, kwa yule asiyejua kwa uzembe: ilikuwa katika uwezo wake kuangalia. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, aliuweka uzembe katika makosa yanayopingana na fadhila ya busara, kwa kuwa ni upungufu wa ule uangalifu ambao mtu anawajibika kuwa nao. Tulitambue neno hilo: anawajibika. Si kila kisichoangaliwa ni kosa. Hakuna anayewajibika kuhesabu mawe ya njiani. Ni kosa kutoangalia kile ambacho kazi yako imekupa ukiangalie, kwa niaba ya watu wasioweza kukiangalia wenyewe.

Abiria 47 wa Lexington hawakuweza kuiona dira. Hawakuwa na ramani. Walipoketi na kufunga mikanda, waliyaacha macho yao mlangoni, wakaazima macho ya watu wawili. Kwa hiyo uangalifu wa rubani si mali yake autumie apendavyo, ni amana. Mtu akiwekewa fedha za watu, hata akizipoteza bila kuiba, ataulizwa alizilinda namna gani. Sembuse aliyewekewa pumzi.

Hapo mwingine atasema: "Basi mwataka rubani awe kama mashine? Maongezi kati ya wenzi wa kazi ni jambo jema. Huondoa usingizi na kujenga undugu." Nasi twakubali kwamba maongezi ni jema. Tena hilo ndilo linalotufanya tulione jambo hili kuwa zito. Mtu mwema hujilinda na ubaya kwa sababu ubaya una sura ya kutisha. Lakini hujilinda nadra na jambo jema lililokuja wakati usio wake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nao hawakusema kwamba moja kati ya hayo mawili ni haramu. Mikono haitoshi, basi. Nayo akili ya mwanadamu ndivyo ilivyo: haiwezi kukaa mahali pawili kwa utimilifu ule ule. Kanuni ya ukimya haikuwekwa kwa kuwa urafiki ni dhambi, bali kwa kuwa kila jambo lina saa yake, na ndege ikifika juu kule palipo shwari, saa ya maongezi ipo tele.

Wala tusidhani kwamba ukimya peke yake ndio dawa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, ziligongana juu ya barabara ya kurukia katika ukungu mzito, na watu 583 wakafariki. Ile ya Pan American ilikuwa ikitembea juu ya barabara hiyo hiyo, ikitafuta njia ya kutokea. Ile ya KLM ilianza kukimbia ili iruke, nayo haikuwa imepewa ruhusa ya kuruka. Sauti mbili ziligongana katika redio, neno la kuonya likamezwa na mlio. Lakini katika chumba cha ndege ya KLM alikuwamo mhandisi aliyeingiwa na shaka, akauliza kama ile nyingine imekwisha kutoka. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa na mwalimu wa marubani wengine, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Hapo palihitajika maneno zaidi, si machache. Basi kuangalia si kunyamaza tu. Kuangalia ni kuyaondoa maneno yasiyo na kazi ili neno lenye kazi lipate nafasi, na likisemwa na mdogo, mkubwa alisikie.

Na hapa tumefika kwenye kiini cha yote tuliyotaka kusema. Ndege iliyo hewani haiwezi kusimama. Rubani akipatwa na shaka kule juu, sharti aitatue huku chombo kikienda. Lakini ndege iliyo chini, ikitembea polepole kwenye mstari wa manjano, yaweza kusimama. Rubani akishindwa kujua yupo wapi, hana haja ya ushujaa wala ya ufundi mkubwa. Avute breki, aseme na mnara kwa unyenyekevu: sijui nilipo, nielekezeni. Gharama yake ni dakika mbili na aibu kidogo. Kumbe saa ile tunayoiona kuwa si kitu ndiyo saa ambayo kosa hurekebishwa kwa bei rahisi kuliko zote. Twaidharau kwa sababu ni nyepesi, nayo ni nyepesi kwa sababu mlango wa kurudi ungali wazi. Huko Lexington shaka ilibisha hodi: hakuna taa, jambo la ajabu. Iliitikiwa kwa neno, haikuitikiwa kwa tendo. Na ilipobisha, mlango ulikuwa karibu kufungwa.

Ndivyo zilivyo dhamiri zetu. Mtu haangamii kwa kawaida katika saa ya vishindo. Huangamia kwa yale aliyoyaacha yapite akiwa bado mtulivu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama alikuwa mwaminifu asijiulize tu alifanya nini hatari ilipomjia, maana hapo kila mtu hushtuka na kushika usukani kwa mikono miwili. Na ajiulize alifanya nini kabla, alipokuwa hana la kuogopa.

Na nia njema je, yatosha? Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani ilikuwa ikienda kupeleka misaada kwa watu waliopatwa na tetemeko la ardhi siku moja kabla. Nia bora kuliko hiyo twaweza kuipata wapi? Lakini iliingia kwenye barabara ya kurukia pasipo ruhusa, hali rubani wake akiamini kwamba amepewa, na ndege ya abiria ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua ikaigonga. Watu watano kati ya sita wa ndege ya misaada walifariki. Abiria na wahudumu wa ile kubwa, watu 379, walitoka wote wakiwa hai, ingawa ndege yao iliteketea, kwa sababu wahudumu waliangalia milango ipi ni salama, na abiria wakawasikiliza. Katika kiwanja kimoja, usiku mmoja, tumeoneshwa kutokuelewana kunavyoua na uangalifu unavyookoa. Nia njema haimpi mtu macho. Humpa tu sababu zaidi ya kuyatumia aliyo nayo.

Imebaki haki kwa aliyekosa. Tukisema kutoangalia ni kosa, je, twataka adhabu kali zaidi? Hapana, si hivyo tu. Waendeshao ndege wamejifunza jambo ambalo sisi wengine twaweza kulijifunza kwao. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima karibu na Washington, watu 92 wakafariki. Baadaye ikajulikana kwamba wiki chache kabla, ndege ya shirika jingine ilikuwa imeponea chupuchupu kwa kutoelewa maagizo ya namna ile ile mahali pale pale. Lakini onyo hilo halikuwafikia wengine. Mwaka 1976 Wamarekani walianzisha utaratibu wa rubani au mwongozaji kupeleka taarifa ya kosa lake mwenyewe kwa shirika la NASA, ambalo si hakimu wake, na jina lake likafichwa. Aliyekosa bila kukusudia, wala hakutenda jinai, hupata ahueni ya adhabu kwa kuwa amesema. Si kwamba kosa limeitwa si kosa. Limeitwa kosa, tena kwa kinywa cha mwenye kulitenda, nalo likageuka kuwa taa kwa wengine. Panapokuwa na fimbo tu, watu huficha. Wakificha, ufa hauzibwi, na atakayejenga ukuta ni mjane. Panapokuwa na udhuru tu, hakuna anayejirekebisha. Twahitaji ukweli na huruma vikae meza moja.

Wasomaji wetu walio wengi hawatashika usukani wa ndege. Lakini hakuna nyumba isiyokabidhiwa mtu. Dereva wa basi akiwa bado kituoni, kabla hajaingia barabara kuu, huo ndio wakati wake wa kugusa breki na kutazama magurudumu. Asiseme ataviona njiani. Muuguzi aliyeshika chupa mbili zinazofanana, na asome jina la dawa kabla ya kujibu salamu. Rafiki wa kweli atangoja. Baba anayerudisha gari nyuma uani, simu ikilia, aiache ilie mpaka ajue watoto wapo wapi. Na mzazi ambaye kijana wake amesimama mlangoni akizungukazunguka, akitaka kusema neno zito lakini hajui aanzie wapi, na aitue simu chini. Jioni kama hiyo yaonekana kuwa si kitu. Hakuna kilio, hakuna polisi, hakuna aibu ya ukoo. Yote yangali yanatembea polepole.

Basi tumejibu swali letu kwa kadiri tulivyoweza. Kutoangalia si sawa na kukusudia. Lakini panapokuwa na amana, ni kosa, na kosa hilo hukaa katika dakika nyepesi zilizotangulia msiba, pale tulipokuwa na uwezo wa kuangalia tukaona haina haja. Msemo wa wazee tutaendelea kuusema makaburini, kwa kuwa zipo ajali ambazo kweli hazikuwa na kinga, na kwa kuwa mfiwa ahitaji faraja kuliko hoja. Lakini tusiuseme asubuhi, kabla ya safari. Asubuhi yatupasa kusema neno jingine: ndege ingali chini, yaweza kusimama, hebu tuangalie kwanza tupo barabara gani.